Sonona kwa Wanafunzi wa Tiba ya Meno Wakati wa Janga la UVIKO-19

Mwanafunzi wa tiba ya meno hujifunza kazi yake ndani ya kinywa cha mtu aliye hai, uso wake ukiwa umbali wa shubiri mbili hivi kutoka kwenye pua ya mgonjwa, na kwa mwanafunzi ambaye mkono wake haujawa mwepesi, mgonjwa mmoja huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mashine ya kasi ya kuchonga jino huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika na hupozwa kwa maji. Maji hayo huchanganyika na mate, na mara nyingine damu, yakarushwa hewani kama ukungu. Kabla ya mwaka 2020 ukungu huo ulichukuliwa kuwa sehemu ya kazi: mtu alivaa barakoa, akafuta miwani yake, akaendelea. Ilipoingia Machi 2020, ukungu uleule ukawa jambo la kuogopwa.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitamka kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, na katika siku mbili zilizofuata shule na vyuo vikaamriwa kufungwa. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Nchini Uganda wanafunzi wa mwaka wa mwisho walianza kurejea Oktoba mwaka huo, na wengine walisubiri zaidi. Chanjo ilizinduliwa Tanzania tarehe 28 Julai 2021. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi wa meno wa Tanzania aliyerudi chuoni Juni 2020 alirejea kwenye mafunzo ya kitaaluma na kukaa karibu miezi 14 kabla chanjo haijapatikana nchini. Hayo ni mambo ya kalenda. Kilichotokea ndani ya nafsi za wanafunzi hao hakiishii kwenye kalenda, wala hakikutokana na hofu ya kirusi peke yake.

Sonona na maneno yanayoizunguka

Neno sonona limetokana na kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuumia moyoni kwa maumivu ya ndani yasiyokoma, na mtu aliyefikwa na hali hiyo husemwa amesononeka. Ni neno lililochaguliwa vizuri. Hata hivyo, ni wagonjwa wachache wanaolitumia wanapoingia kliniki. Wengi husema wanawaza sana, au moyo ni mzito, kichwa kinauma, mwili umekwisha nguvu, usingizi umekimbia. Mhudumu anayesubiri mgonjwa atamke kuwa ana sonona atasubiri sana, na huenda akampa dawa ya maumivu ya kichwa akamruhusu aende nyumbani.

Sonona si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, lakini huweza kucheka akikumbuka kituko cha marehemu, na hamu ya maisha humrudia kidogo kidogo. Sonona si msongo wa mawazo pia. Mwenye msongo kabla ya mtihani hutulia mtihani ukipita. Mwenye sonona hupata hata matokeo mazuri asihisi chochote. Katika vigezo vinavyotumika sana na wataalamu, mtu huwa na sonona anapokuwa na dalili zisizopungua 5 kati ya 9, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, kiasi cha kuathiri masomo, kazi au mahusiano yake. Moja kati ya dalili hizo lazima iwe huzuni ya kudumu au kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Nyingine ni kuvurugika kwa usingizi, uchovu, mabadiliko ya hamu ya kula au uzito, kujiona hafai au mwenye hatia kupita kiasi, kushindwa kumakinika, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo au ya kujiua.

Tatizo hili lilikuwepo kabla ya janga. Uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ulikadiria kuwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Takwimu hizo ni za wanafunzi wa udaktari wa jumla, si wa meno, lakini mazingira ya malezi yao yanafanana vya kutosha kumfanya mwalimu wa meno asizipuuze. Katika uchambuzi huo kuna tarakimu nyingine inayotisha zaidi, ingawa hutajwa mara chache: miongoni mwa waliobainika kuwa na dalili, waliotafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu. Watu wanaosomea kutibu wengine ndio walioshindwa kufika kwa tabibu.

Kisha likaja janga. Machi 2022 WHO ilieleza kuwa katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 sonona na magonjwa ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake waliathirika zaidi. Mwanafunzi wa meno yumo katika kundi la vijana, na kwa wanafunzi wengi wa kike yumo katika makundi yote mawili.

Mkono uliokosa kazi

Elimu nyingi zinaweza kusomwa chumbani. Mtu anaweza kusoma sheria kwa kitabu, hata uhasibu kwa simu ikiwa bando lipo. Tiba ya meno ina sehemu isiyosomeka hivyo. Kuhisi tofauti kati ya jino lililooza na jino zima kupitia ncha ya chuma, kujua wakati jino linalong'olewa limelegea na wakati linakaribia kuvunjika, kupata pembe sahihi ya sindano ya ganzi katika taya la chini: haya hujifunzwa na mkono, na mkono hujifunza kwa kurudia. Ndiyo maana mafunzo ya meno hupimwa kwa idadi. Mwanafunzi hutakiwa kuziba meno kadhaa, kung'oa kadhaa, kufanya tiba ya mzizi wa jino, kutengeneza meno ya bandia, na kila kazi kutiwa saini na msimamizi katika kitabu chake cha mafunzo. Asiyetimiza idadi hasongi mbele, hata akiwa wa kwanza katika mtihani wa kuandika.

Janga liliigusa idadi hiyo moja kwa moja. Agosti 2020 WHO ilishauri kwamba mahali penye maambukizi mengi katika jamii, huduma za kinywa zisizo za dharura ziahirishwe, na kazi zinazorusha ukungu zipunguzwe. Ushauri huo ulikuwa na msingi. Lakini kazi zinazorusha ukungu ndizo hasa mwanafunzi anazozihitaji: kuziba, kuchonga, kusafisha ugaga kwa mashine. Kilichobaki ni kung'oa na kutoa dawa. Pamoja na hayo, wagonjwa wenyewe waliogopa kliniki. Mwenye jino linalouma alivumilia kwa dawa za dukani, na mwenye miadi ya kumalizia tiba ya mzizi hakurudi. Mwanafunzi aliyezoea kuwapigia wagonjwa simu mwenyewe, na pengine kuwachangia nauli ili waje kumalizia tiba, alikuta simu hazipokelewi.

Hapo ndipo sonona ya mwanafunzi wa meno inapochukua sura yake. Binadamu huvumilia hofu kubwa akijua mwisho wake. Kinachomchosha ni kungoja jambo lisilo na tarehe huku akiona ujuzi wake ukipungua. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeondoka chuoni Machi akiwa ndiyo kwanza ameanza kujiamini, alirudi na mkono unaosita. Aliyesita mara ya kwanza mbele ya msimamizi alijiuliza kama kweli anafaa kuwa daktari wa meno. Aliyejiuliza hivyo kila siku kwa mwezi mzima hakuwa na swali tena; alikuwa na hukumu. Hukumu ya mtu dhidi ya nafsi yake ni miongoni mwa dalili zile 9.

Yalikuwepo mengine. Mwanafunzi aliyekuwa akiishi kwa fedha za mkopo, zile ambazo vyuoni huitwa bumu, alirudi nyumbani ambako kipato cha familia nacho kilikuwa kimeyumba. Aliyeishi na bibi au mzazi mwenye kisukari aliogopa kuwa atawaletea ugonjwa kutoka kliniki, na hofu hiyo ilimfanya ale peke yake, alale peke yake, asisalimie kwa mkono. Kujitenga kulikuwa kinga dhidi ya kirusi, na papo hapo kulimwondolea mtu kimoja kati ya vitu vinavyokinga dhidi ya sonona, yaani kuwa na watu. Tena kulikuwa na jina. Katika familia nyingi kijana anayesomea udaktari huitwa daktari tangu mwaka wa kwanza. Kila anayeugua nyumbani humwuliza yeye. Mtu aliyebeba jina hilo huona haya kusema kuwa yeye ndiye mgonjwa.

Kuuliza, na namna ya kuuliza

Chombo kinachotumika sana kuchunguza dalili za sonona ni hojaji ya PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001. Imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika katika kliniki na tafiti za Afrika Mashariki. Ina maswali 9, kila moja likigusa dalili moja kati ya zile zilizotajwa, na mtu huulizwa amesumbuliwa mara ngapi katika wiki 2 zilizopita. Majibu hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni 0 hadi 27. Alama 5 hadi 9 huashiria dalili nyepesi, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 za wastani zinazoelekea kuwa kali, na 20 kwenda juu ni kali. Kwa kawaida alama 10 ndiyo mstari ambapo mhudumu anapaswa kufanya tathmini kamili. Pasipo na muda, maswali mawili ya mwanzo, la kupoteza hamu na la huzuni, hutosha kuonyesha nani aulizwe yote. Alama 3 kati ya 6 humfanya mhudumu aendelee.

Hojaji hii haitoi jina la ugonjwa. Inaonyesha nani anahitaji kuzungumziwa kwa utulivu. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wanafunzi wakati wa janga zilitumia hojaji za aina hii, mara nyingi kwa njia ya mtandao, na baadhi ya magazeti yakazitangaza asilimia zake kana kwamba kila mwenye alama 10 alikuwa amethibitishwa na daktari. Huko ni kutia chumvi. Ni kosa pia kuzidharau, kwa sababu mwenye alama 18 anateseka hata kama jina la hali yake bado halijaandikwa kwenye faili.

Chukua mfano wa kubuni wa mwanafunzi mmoja aliyerejea kliniki Juni 2020. Anachelewa, anaacha kujibu ujumbe wa kundi lao la masomo, anasema kichwa kinamuuma. Msimamizi ameshamwita mvivu mara mbili. Akijaza hojaji, anapata alama 3 kwa kukosa hamu, 2 kwa huzuni, 3 kwa usingizi, 3 kwa uchovu, 1 kwa chakula, 3 kwa kujiona hafai, 2 kwa umakini, 0 kwa mwendo wa mwili na 1 kwa mawazo ya kifo. Jumla ni 18. Hata hivyo, jumla siyo ya kwanza kuangaliwa. Ile alama 1 ya mwisho hutangulia, kwa kuwa jibu lolote zaidi ya sifuri katika swali la tisa humlazimu mhudumu aulize zaidi siku hiyohiyo, asimwache mgonjwa aondoke kabla hajajua ukubwa wa hatari.

Wahudumu wengi huogopa kuuliza kuhusu kujiua wakidhani watampandikizia mtu wazo hilo. Ushahidi uliopo hauungi mkono hofu hiyo; mtu aliyekuwa na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu akiulizwa bila kuhukumiwa. Swali laweza kuwekwa hivi: “Watu wanaopitia hali kama yako wakati mwingine hufika mahali pa kuona heri wasingekuwepo. Je, wazo kama hilo limekujia?” Jibu likiwa ndiyo, hufuata maswali ya mpango, njia, na wakati. Mwenye mpango na njia mkononi haachwi peke yake hata kwa dakika chache. Anasindikizwa hadi hospitali yenye huduma za afya ya akili, na vitu vya hatari, zikiwemo dawa, vinaondolewa karibu naye.

Jambo moja la kitabibu linahitaji uangalifu kwa waliougua UVIKO-19. Uchovu, usingizi mbaya, kukosa umakini na kupoteza ladha ya chakula huweza kubaki kwa miezi baada ya maambukizi bila mgonjwa kuwa na sonona. Alama za hojaji zikitoka karibu zote kwenye dalili za mwili, huku hamu ya maisha ipo na mtu hajidharau, mhudumu atazame mwili kwanza. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo navyo huvaa sura ya sonona, na pombe huweza kuileta au kuificha. Mara nyingi hali hizi hukutana katika mtu mmoja, na kutibu moja hakuondoi haja ya kutibu nyingine.

Matibabu

Kwa dalili nyepesi, na nyingi za wastani, tiba ya mazungumzo huanza. Aina mojawapo rahisi kufundisha ni ile inayomrudisha mtu kwenye shughuli kidogo kidogo: mgonjwa na mhudumu hupanga jambo moja dogo kwa siku, kama kutembea nusu saa au kumpigia rafiki simu, na kulifanya hata kama hamu haipo. Hamu huja baada ya tendo, si kabla yake. Mjini Harare mradi wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, uliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao bibi wa makamo na wazee, kutoa ushauri wa kutatua matatizo kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa nchi zenye madaktari bingwa wachache wa akili, hilo ni jambo la kuigwa bila kuchelewa.

Dalili zikiwa kali, dawa huongezwa. Fluoksetini, kwa kawaida miligramu 20 asubuhi, huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema, kwani wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani haifanyi kazi. Kabla ya kuandika dawa, mhudumu aulize kama mgonjwa amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kulala kidogo sana bila kuchoka na kutumia fedha ovyo. Jibu la ndiyo laweza kumaanisha ugonjwa wa hisia mseto, ambao matibabu yake ni tofauti. Kwa walio chini ya miaka 25, nao ndio wengi vyuoni, mawazo ya kujiua huweza kuongezeka katika wiki za mwanzo za dawa, hivyo aonwe kila wiki mwanzoni. Nafuu ikipatikana dawa haiachwi. Mwongozo wa WHO hutaja miezi 9 hadi 12 ya utulivu kabla ya kuipunguza taratibu.

Amitriptilini nayo hupatikana katika vituo vingi, lakini ina hatari kubwa ikimezwa kwa wingi, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua asipewe vidonge vya mwezi mzima. Tena hukausha mate. Wanafunzi wa meno hulijua jambo hili kinadharia: kinywa kikavu huoza meno haraka. Mgonjwa anayeitumia anywe maji mara kwa mara, apunguze vitu vya sukari na apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Ni vyema pia mhudumu wa kinywa akiona meno ya mtu mzima yameharibika ghafla ndani ya mwaka mmoja aulize habari za moyo wake, maana aliyesononeka huweza kuacha kupiga mswaki.

Kwa wanaofundisha na wanaotibiwa

Chuo kina mambo ya kufanya ambayo daktari wa akili hawezi kuyafanya. La kwanza ni idadi zile. Kliniki ikisimama tena, kwa ugonjwa wowote, wanafunzi waambiwe mapema idadi ipi itapunguzwa, ipi itafanywa kwenye meno ya mfano, na ipi itangoja. Hata taarifa mbaya yenye tarehe humsaidia mtu kuliko ukimya. La pili ni kutenganisha anayetibu na anayetoa alama. Mwanafunzi hatamweleza ukweli mtu atakayetia saini kitabu chake. Mshauri awe nje ya idara, na faili lake lisipite kwenye ofisi ya mitihani. La tatu ni kurudi. Aliyepumzika kwa sababu ya sonona arudishwe kwa kazi nyepesi, pengine wiki mbili za kumsaidia mwenzake kwenye kiti kabla ya kushika mashine mwenyewe, huku hojaji ikijazwa upya kila anapomwona mhudumu wake. Alama zikishuka kwa nusu, matibabu yanafanya kazi. Zikishuka chini ya 5, anahesabiwa kuwa amepona kwa wakati huo.

Mgonjwa anayetibiwa na mwanafunzi ana nafasi yake pia. Kazi ya mwanafunzi huchukua muda mrefu kwa sababu kila hatua hukaguliwa na msimamizi, na ukawaida huo hauna hatari. Mgonjwa akipata udhuru, apige simu kuahirisha badala ya kutoweka. Akiweza, arudi kumalizia jino lililoanzwa. Tiba ya mzizi iliyoachwa nusu humletea maumivu na uvimbe, na katika kitabu cha yule mwanafunzi hubaki nafasi tupu isiyotiwa saini.